Nilisema asante baada ya wimbo wa kwanza, akanirudisha kwenye kiti

Nipo_Nkuhungu

Habari za jioni wapendwa. Nina swali kwa wanaocheza tango, yaani ile ya Argentina ya kukumbatiana, siyo ile ya mashindano ya kwenye tv. Najua humu mpo hata kama hamko wengi, na uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Mi ni mtumishi, nilihamishiwa Dodoma mwaka jana kutokea Tanga. Mume na watoto wamebaki kule mpaka shule zikae sawa, huku naishi peke yangu Nkuhungu. Natoka kazini Mtumba nafika nyumbani saa moja nimechoka, napika, nakula, nalala, kesho tena. Miezi minne iliyopita dada mmoja wa ofisi ya jirani akanivuta kwenye klasi ya tango, Jumanne jioni, kwenye ukumbi wa kukodi huku Kisasa. Nilienda nikijua ni mazoezi ya kupunguza mwili tu. Sijakosa hata wiki moja tangu siku ile, manake mji huu mzima ndo sehemu pekee ambayo nikiingia mlangoni watu wananiita jina langu, siyo cheo wala "dada wa masijala".

Sasa Alhamisi iliyopita nikaenda kwa mara ya kwanza kwenye ile jioni ya kucheza tu, isiyo na mwalimu, wanayoiita milonga. Nikavaa gauni langu la kijani, nikafika mapema nikasaidia kufagia, si mnaujua upepo wa Dodoma, dirisha likikaa wazi nusu saa sakafu yote inakuwa vumbi jekundu. Tukafika watu kama ishirini hivi. Mkaka mmoja ambaye klasini tunaelewana vizuri akaja tukacheza wimbo wa kwanza, na nilicheza vizuri kweli, kuna mahali hata nilisahau kuhesabu. Wimbo ulipoisha nikamwambia asante, kama mtu yeyote aliyelelewa anavyosema. Akanitazama kidogo, akasema haya, asante na wewe, akanishika mkono akanirudisha mpaka kwenye kiti changu akaondoka. Muziki ukaendelea, wenzangu wote wamebaki katikati wanacheza, mi nipo pale naangalia vidole vyangu najiuliza nimemkosea nini, au nimemkanyaga, au nanuka jasho.

Baada ya hapo nikakaa kama saa moja na nusu sijachezeshwa. Jirani yangu akaninong'oneza eti natakiwa niangalie, mwanaume anaomba kwa macho na mimi najibu kwa macho. Jamani mi nimelelewa mwanamke hamkodolei mwanaume macho, na mtu mkubwa ukiongea naye unashusha yako. Nilijaribu mara moja, nikahisi uso unawaka moto nikaangalia feni.

Mwisho akaja mtu mmoja akanivuta mkono tu, tukacheza, na njia nzima ananifundisha, hapana mguu huu, legeza bega, siyo hivyo, watu wanatupita. Nilirudi Nkuhungu kwenye bajaji nalia.

Naomba mniambie, asante nilikosea wapi? Na macho mnafanyaje ninyi mliolelewa kama mimi? Sitaki kuacha.

MamaZabibu

Pole sana mdogo wangu. Hujamkosea mtu, na hujakosa adabu, ila hukuambiwa na hilo ni kosa letu sisi wazoefu, tunafundisha stepu miezi minne hatumwambii mtu jinsi ya kukaa kwenye kiti.

Iko hivi. Muziki wa milonga haupigwi wimbo mmoja mmoja, unapigwa kwa mafungu, fungu moja linaitwa tanda. Tanda ya tango kwa kawaida ni nyimbo nne, ya vals (walisi ya tango) au ya milonga (milonga ni jina la jioni na pia ni jina la muziki wenyewe ule wa haraka haraka) mara nyingi ni tatu. Ukikubali kucheza na mtu umekubali fungu zima, dakika kumi mpaka kumi na mbili hivi. Kati ya wimbo na wimbo mnasimama pale pale, mnapumua, mnaongea kidogo, habari za nyumbani, baridi ya leo, halafu mnakumbatiana tena mnaendelea. Fungu likiisha inapigwa kipande kifupi cha muziki mwingine kabisa usiochezwa, ndo kortina, hapo kila mtu anarudi kwake na hapo ndo mahali pa asante.

Asante katikati ya tanda maana yake ni moja tu, kwamba nimetosheka nataka kukaa. Buenos Aires ukisema gracias baada ya wimbo wa kwanza mwenzio anajua umemkataa, anakurudisha kwa heshima na haulizi kwa nini. Kwa hiyo yule kaka hakukutupa, yeye ndo alijua ametupwa! Na alivyokushika mkono mpaka kwenye kiti alifanya uungwana mkubwa kwa mtu aliyedhani amekataliwa mbele za watu. Mtafute umwambie. Mi yalinikuta Berlin nilipokuwa masomoni, wenzetu kule wanacheza karibu kila siku ya wiki, na mi na Kiswahili changu cha asante kwa kila kitu nikawa nasema danke kila wimbo ukiisha, wiki tatu nzima najiona nina nuksi mpaka mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni akanieleza kama ninavyokueleza wewe.

Kuhusu aliyekuvuta mkono na kukufundisha njia nzima, huyo ndo aliyekosea. Kufundishana ni kwenye praktika, siku ya mazoezi, huko mnasimama mnaulizana mnarudia. Kwenye milonga hamna kumsahihisha mtu hata kama amekosea kweli. Siku nyingine akianza, wimbo ukiisha mwambie ile asante yako, hapo itakuwa imekaa mahali pake kabisa.

Nina swali dogo, ulivaa viatu gani? Kama ni soli ya mpira hutageuka hata ufanyeje, mguu unaganda mwili unaenda, magoti yanaumia. Mi nilipeleka viatu vyangu vya harusi kwa fundi viatu Majengo, akang'oa soli akabandika ngozi, upande wa manyoya manyoya ukatazama chini, akaigonga na misumari midogo pembeni. Ndo navyo mpaka leo.

Fundi_Ilazo

Naongezea upande wa wanaume dada yangu, manake watu wanadhani haya mambo ya macho yamewekwa kumtesa mwanamke.

Mi kabla sijajua kabeseo, yaani huko kuombana kwa macho, nilikuwa nakwenda mpaka kwenye kiti, nasimama, nanyoosha mkono. Sasa fikiria ukumbi mzima unanitazama navuka sakafu yote, nafika, dada anasema nimechoka. Narudi safari ile ile. Siku ya pili dada huyo huyo anaogopa kuniumiza anakubali kwa shingo upande, tunacheza kama magunia mawili. Hakuna aliyefaidi. Macho yanaondoa hayo yote. Nakutazama kutokea nilipo, ukinitazama naweka kichwa chini kidogo kama naitikia salamu, na wewe ukitaka unaitikia. Hutaki, unaangalia kwingine, na hakuna mtu ukumbini anayejua kwamba kuna kitu kiliombwa kikakataliwa. Hujasema hapana, sijaaibika.

Na usinikodolee, wala si hivyo. Mi nilipewa ushauri nitazame usawa wa nyusi, ni karibu na macho ila hayakutani kwa ukali. Nusu dakika ya kwanza ya tanda ndo watu wanatafutana, wewe inua kichwa, zungusha macho taratibu kama unatafuta mtu uliyepishana naye sokoni. Ukishaitikia, baki umekaa na endelea kunitazama mpaka nifike mbele yako. Hiyo muhimu sana. Niliwahi kumwitikia dada mmoja, wa nyuma yake akadhani ni yeye, wakasimama wote wawili, roho iliniuma mpaka leo kwa yule aliyekaa tena chini.

Ukianza kucheza kumbuka ukumbi unazunguka kinyume cha saa, ukuta uwe mkono wa kulia wa anayeongoza, hamna kukata katikati wala kurudi nyuma. Mnaongozana kama magari ya Ihumwa asubuhi. Aliyekusimamisha kukufundisha alifunga barabara ya watu wote.

Baba_Wawili

Mi sio mchezaji, nimeingia tu kusoma. Nauliza kwa nia njema kabisa, huyo mume aliyebaki Tanga analichukuliaje hili? Manake mke wangu akiniambia ameenda kukumbatiana na wanaume wa watu mpaka saa nne usiku, kwa kweli sitapata usingizi. Na ninyi wengine nyumbani mnaelezaje?

MamaZabibu

Swali lako ni la haki kaka. Mi mume wangu nilimleta. Hachezi, magoti yake hayamruhusu, ila alikaa kwenye kiti masaa mawili akaona kwamba ni ukumbi wenye taa, kuna wazee, kuna chai, na kwamba kukumbatia kwenyewe ni kwa kufuata muziki, mguu wake unakuja wangu unarudi, ukipotea dakika moja kuwaza mengine mnagongana na wa mbele. Na kila mtu anachagua umbali wake, kuna kukumbatia kwa karibu na kuna kwa kuachia nafasi katikati, mwanamke ndo anapima, akiweka mkono pale basi ni pale. Anayesogea zaidi ya alichopewa hapati mwenzi tena, tunaambiana.

Karani_wa_Reli

Wanangu nimesoma yote na nimeona nichangie, nina miaka 71 na ni mmoja wa hao wazee wenye viti vya karibu na dirisha.

Haya mambo mnayaona mageni lakini si mageni hapa. Marehemu baba alikuwa karani wa reli, na alikuwa akitusimulia kwamba ujana wao kwenye klabu za dansi waliucheza kwa suti na tai, walisi, foksitroti na hiyo hiyo tango, kwa santuri na kwa bendi. Mimi nilikulia kwenye rumba, enzi za Tabora Jazz na Morogoro Jazz, na sisi nasi tulikuwa na utaratibu wetu, huendi ukamvuta mtoto wa watu. Unakwenda mezani, unainama kidogo, unamwomba kwanza aliyemleta, kaka yake au mchumba wake, ndipo unamgeukia yeye. Na kumrudisha mpaka kwenye kiti chake ilikuwa lazima, ukimwacha katikati ya ukumbi unaambiwa hukufundwa. Kwa hiyo yule kijana aliyemrudisha mleta mada nimempenda.

Na muziki wenyewe una damu yetu. Tango ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1800 Buenos Aires na Montevideo, miji ya ng'ambo na ng'ambo ya Río de la Plata, kwenye mitaa ya maskini, walipokutana wahamiaji wa Italia na Hispania na wazao wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wengi wao watu wa Angola na Kongo. Ngoma zao, kandombe, bado zinapigwa Montevideo mpaka leo, na mwaka 2009 UNESCO iliingiza tango na kandombe zote mbili kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kama ilivyokuja kuingiza rumba ya Kongo mwaka 2021. Mmoja wa watunzi wa mwanzo kabisa wa tango, mpiga piano Rosendo Mendizábal, alikuwa mweusi kama mimi. Hata hilo neno milonga linatajwa kuwa la Kimbundu cha Angola, maana yake maneno. Sisi tunasema kulonga. Binti yangu, umekwenda kwenye maneno ukakosa wa kulonga naye, ndiyo maana ilikuuma.

Macho nakuelewa. Mimi ukinishushia macho nitajua umenipa heshima, siyo umenikataa, na nitakuja mpaka kwenye kiti niombe kwa mdomo kama tulivyofanya zamani. Vijana wafuate macho, wazee tuachieni mdomo.

Mwenye_Funguo

Mi ndo nashika funguo za ukumbi na nimekuwa nasoma huu uzi nikiwa na aibu kidogo, manake kila kitu alichosema dada kilitokea mbele yangu na nilikuwa nahangaika na spika.

Niseme ukweli tulivyo. Tulianza watu sita. Kuna wakati tulikuwa tunacheza Ijumaa, lakini tangu treni ya umeme ianze 2024 ikifika Ijumaa saa kumi nusu ya kundi ipo stesheni inawahi familia Dar na Morogoro, tukabaki tunatazamana watu watano kwenye ukumbi wa watu mia. Ndo tukahamia Alhamisi, Alhamisi moja tunacheza moja tunapumzika. Bunge likikaa ukumbi nao unakuwa taabu kuupata. Kila mtu anachanga elfu tano, inatoka kodi, chai, na mlinzi. Kwa hiyo mtu mmoja akirudi nyumbani analia mi siwezi kusema tutampata mwingine, hatuna wengine.

Kwa hiyo haya nimeshayaongea na wenzangu. Viti nitavipanga pande mbili vitazamane badala ya kuzunguka ukuta wote, vile vilivyokuwa mtu wa pembeni ya mlango hata umtafute kwa tochi humwoni. Taa tutaziongeza, macho yanahitaji mwanga, hilo hatukuwaza kabisa. Aliyekuvuta mkono na kukufundisha nimezungumza naye pembeni, amepokea. Na kila klasi ya Jumanne dakika kumi za mwisho tutafanya mazoezi ya kuombana tu, kabeseo, tanda, kortina, kurudishana, mpaka izoeleke.

Halafu kuna hesabu ambayo hamjaisema, wanawake siku ile walikuwa kumi na tatu na wanaume saba. Hata kila mtu awe na macho ya tai kuna sita watakaa. Dada wawili wameanza kujifunza kuongoza na wanaongoza vizuri kuliko baadhi yetu, kwa hiyo angalieni na upande wao.

didijei_UDOM

Mi ndo napiga muziki. Dada usijali, Alhamisi nitaanza na bendi ya zamani ya tango ya D'Arienzo, mapigo yake yanasikika wazi hata aliyeanza jana hapotei, Di Sarli wa kutembea taratibu anafuata, Pugliese namweka mwisho watu wameshachangamka. Na kortina zangu huwezi kuzikosea, naweka ilimba, ile marimba ya mkononi ya Wagogo, na sauti za marehemu Hukwe Zawose, ukisikia Kigogo ujue fungu limeisha, asante, rudi kwenye kiti 🙏

Nipo_Nkuhungu

Nimerudi kuwapa mrejesho, samahani nimekawia, Alhamisi imepita juzi.

Baba_Wawili, mume wangu anajua. Alikuja Pasaka nikamwonyesha stepu za kutembea pale sebuleni, tukagonga meza, tukaendelea. Anasema akihamia huku atajaribu. Sijamficha kitu, hata siku niliyolia yeye ndo nilimpigia wa kwanza.

Nilipeleka viatu Majengo, fundi alichukua siku mbili. Nilipofika ukumbini nikamtafuta yule kaka kabla muziki haujaanza, nikamweleza ya asante. Alikaa kimya, halafu akasema wiki mbili alikuwa anajiuliza kama mdomo wake ulikuwa unanuka. Tulicheza tanda nzima, nyimbo nne, na katikati ya wimbo na wimbo tulisimama tukaongea habari za mtoto wake anayeanza shule.

Macho bado. Niliweza mara mbili. Ya kwanza niliangalia nyusi kama alivyosema Fundi_Ilazo, akaitikia mtu ambaye sikuwahi hata kuongea naye klasini, akavuka ukumbi mzima anakuja na mi nimekaa natetemeka nikijilazimisha nisiangalie feni. Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Nilikaa tanda kama tatu hivi, lakini nilikuwa najua nimekaa kwa sababu gani, na dada mmoja wa wanaoongoza akaniita kwa kichwa kutokea upande wa pili tukaenda.

Karani_wa_Reli, shikamoo. Najua ni wewe uliyekuja mpaka kwenye kiti na kofia mkononi, sikuwa nakufahamu kwa jina la humu. Ilikuwa vals, sijawahi kuzunguka vile, mkono wako mgongoni ulikuwa mwepesi kama jani na bado nilikuwa najua kila mguu unaenda wapi. Zikaisha zote tatu, ilimba ikaanza, ukanipeleka mpaka kwenye kiti, nikakaa, ndo nikasema asante.

Jumanne nakuja na vitumbua. Nani ana chupa kubwa ya chai, ile ya ukumbini inavuja kwenye koki.